Kalamu Hii Haijazwi Kama Kibatari

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.



Hivi karibuni nilikuwa Kabanga, huku kwetu Ngara, pale barabara inapokwenda mpakani kuelekea Kobero ya Burundi. Sikwenda kwa habari ya nikeli, ingawa ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Kabanga hilo ndilo la kwanza atakalokuuliza. Nilikwenda kumwona bibi mmoja ambaye mjukuu wake, kijana wa miaka 12, alikuwa ametoka hospitali baada ya kuponea chupuchupu. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba kijana huyo aliponzwa na kalamu. Nikataka kujua ni kalamu gani hiyo inayoweza kumlaza mtoto siku sita akiwa na dripu mkononi.

Bibi aliiingiza mkono chini ya mto akanitolea. Kwa mbali ungedhani ni kalamu ya mhasibu, nene kidogo, ina kifuniko na kitufe nyuma. Ukiisogeza karibu unaona kuwa tumboni mwake mna kibomba cha kioo chenye dawa. Hiyo ndiyo kalamu ya insulini. Mgonjwa wa kisukari anazungusha kitufe hadi kwenye namba ya dozi yake, anafunga sindano fupi nyembamba mbele, anajichoma tumboni au pajani, anabonyeza. Haina habari ya kuvuta dawa kwenye chupa wala kuhesabu vistari kwenye bomba la sindano.

Mjukuu wa bibi huyu ana kile kinachoitwa kisukari cha aina ya kwanza. Tusikichanganye na kile cha aina ya pili ambacho wengi wetu tunakijua, kile cha wazee na watu wazima wanaoambiwa wapunguze sukari na wameze vidonge. Huyu mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Asipodungwa leo na kesho, keshokutwa ni taabu. Si suala la kula vizuri au kula vibaya. Hata ukimlisha maharage na mboga za majani mwaka mzima, bila sindano hawezi kuishi.

Kalamu hizo zilitoka Ulaya. Binti wa bibi, shangazi yake kijana, ameolewa huko, na alipokuja likizo alileta boksi moja la kalamu tano za kutupa. Kila kalamu ina mililita 3 za dawa, yaani uniti 300. Kijana anadungwa uniti 16 asubuhi na 10 jioni. Kila kabla ya kudunga, nesi aliwaambia, wazungushe uniti 2 na kubonyeza hewani mpaka waone tone likitoka kwenye ncha ya sindano. Kwa hiyo kila siku zinakwenda uniti 30, na kalamu moja inaisha kwa siku kumi. Kalamu tano, siku hamsini. Siku ya hamsini na moja shangazi alikuwa amekwisharudi zamani kwa mumewe.

Hapo bibi akarudia chupa. Hospitali alikuwa akipata insulini ya chupa, ile ya mililita 10 yenye uniti 1,000, pamoja na mabomba ya sindano. Dawa ilikuwa ni ileile ya mchanganyiko. Mwenye taabu alikuwa kijana. Kwa siku hamsini alikuwa akienda na kalamu yake shuleni bila kumficha mtu. Wenzake walimwita "karani", naye hakukasirika. Kurudi kwenye bomba la sindano kulimaanisha kujificha nyuma ya vyoo vya shule, kwa sababu walikwisha kumwona mara moja wakaanza kusema eti anajidunga dawa za kulevya. Akaanza kuruka dozi. Akirudi nyumbani anamwambia bibi kwamba amedunga, kumbe hajadunga.

Ndipo bibi, kwa akili yake mwenyewe, akajiuliza swali ambalo mimi na wewe tungejiuliza. Kalamu tano tupu zipo. Dawa kwenye chupa ipo. Kwa nini nisijaze?

Na kwa nini asijiulize hivyo, ndugu msikilizaji? Sisi ni watu wa kujaza. Kibatari kikikauka tunakijaza. Kiberiti cha gesi kilichoandikwa kuwa ni cha kutupa, vijana wa sokoni wanakitoboa na kukijaza. Chupa ya maji ya dukani ikiisha maji inawekwa mafuta ya taa, kisha mafuta ya mawese, kisha asali, na hatimaye mtoto anaifanya gari. Katriji za mashine za kuchapia huko mijini mnakosoma gazeti hili zinajazwa wino kwa sindano, na ofisi za serikali zinafanya hivyo hivyo. Anayemcheka bibi wa Kabanga kwa kujaza kalamu ya insulini basi kwanza arudishe ile katriji ya ofisini kwake.

Bibi alimpelekea kalamu fundi wa simu pale sokoni. Fundi akaifungua, akarudisha kile kijiti cha ndani kinachosukuma dawa, akavuta insulini kutoka kwenye chupa kwa bomba la sindano, akaiingiza kupitia mpira wa mbele. Ikafanya kazi. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kijana akarudia ukarani wake. Majirani wawili wenye kisukari wakasikia, nao wakaanza kuulizia kalamu.

Mara ya nne fundi alikuwa amekwenda Kahama kutafuta maisha. Bibi akajaza mwenyewe kama alivyoona fundi akifanya. Dawa iliingia vizuri, kioo kikajaa, akafurahi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penyewe. Ndani ya kile kibomba cha kioo mna kipande cha mpira kinachozuia dawa kwa nyuma. Nyuma ya mpira kuna kijiti. Ukibonyeza kitufe, kijiti kinasukuma mpira na mpira unasukuma dawa. Kalamu ya kutupa imetengenezwa ili kijiti kiende mbele tu, kisirudi nyuma. Unapoingiza dawa kwa nguvu kupitia mbele, mpira unarudi nyuma, na kijiti nacho lazima kirudishwe hadi kiuguse. Fundi alikirudisha barabara kila mara. Safari hii bibi alikifungua na kukirudisha mpaka mwisho kabisa, lakini mpira wenyewe haukurudi sawasawa na kijiti. Kati ya kijiti na mpira pakabaki nafasi, kiasi cha sentimita moja hivi.

Sentimita moja ni kitu gani? Katika kalamu ya namna ile ni karibu robo ya dawa yote. Kijana akizungusha 16 na kubonyeza, anasikia ile milio yake, tik-tik-tik, namba inarudi sifuri, sindano imeingia mwilini, kila kitu kinaonekana sawa. Kumbe kijiti kinatembea kwenye nafasi tupu. Hakuna tone lililotoka. Jioni 10, vivyo hivyo. Kesho yake, vivyo hivyo. Zilipita siku mbili na nusu za kudungwa hewa.

Unaweza kuuliza, je, ile kubonyeza uniti 2 hewani si ingewaonyesha kwamba tone halitoki? Ingewaonyesha. Lakini bibi alikuwa ameacha kufanya hivyo. Alipiga hesabu yake, nami sikuona kosa katika hesabu hiyo: uniti 2 asubuhi na 2 jioni ni 4 kwa siku, kwa mwezi ni 120. Zaidi ya theluthi ya kalamu nzima inamwagwa chini. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimwage dawa ya mtoto kwenye udongo, nikilala usiku nitapata usingizi?"

Siku ya tatu kijana alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Akakojoa bila kukoma. Kisha tumbo likamuuma, akatapika, akaanza kupumua kwa kina kwa nguvu kama mtu aliyepanda kilima mbio. Mwenye duka la dawa akasema ni malaria, akampa dawa ya malaria. Jirani mmoja aliyemwinamia alisikia mdomoni mwake harufu kama ya ndizi mbivu zilizokamuliwa, akanong'ona kwamba mtoto amekunywa rubisi. Ndugu msikilizaji, harufu ile ni ya hatari. Mwili ukikosa insulini unashindwa kutumia sukari na kuanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa mafuta hayo, kama naweza kuuita hivyo, ni tindikali inayojaa kwenye damu. Mtu mwenye kiu isiyokatika, anayetapika, anayepumua namna ile na kunukia matunda yaliyoiva mno, apelekwe hospitali saa ileile, awe anajulikana kuwa na kisukari au hajulikani. Watoto wengine hugunduliwa ugonjwa wao kwa mara ya kwanza wakiwa katika hali hiyo, na wengine hufa kwa jina la malaria.

Walimpakia kwenye pikipiki, bibi nyuma akimshikilia. Alifika akiwa hajitambui. Waliomtibu walifanya kazi yao, Mungu awabariki, na mtoto yu hai.

Nesi aliyempokea ndiye aliyegundua siri ya kalamu. Alinieleza mambo mengine ambayo bibi hakuwa ameyajua na ambayo, nakiri, hata mimi sikuyajua. Kwamba insulini ile yenye rangi ya maziwa lazima igeuzwegeuzwe taratibu kabla ya kudungwa, maana sehemu yake hutuama chini, na ndiyo sababu vibomba vyake vya kiwandani huwekewa gololi ndogo ya kioo ya kuichanganya. Ukichukua kibomba kilichokuwa na insulini nyeupe kama maji, hakina gololi. Jaza humo ile ya maziwa, na utakuwa unadunga leo maji na kesho uji. Tena rangi za vibandiko zina maana yake: kwa insulini ya kawaida ya binadamu, njano ni ile ya haraka, kijani ni ya kufanya kazi polepole, kahawia ni mchanganyiko. Kalamu iliyojazwa nyumbani inasema rangi moja na tumboni ina kitu kingine. Anayeijua ni aliyeijaza tu, na siku akiwa shambani mwingine ataichukua.

Kuna na suala la uchafu. Ule mpira unaporudi nyuma unapita juu ya kioo kilichokuwa wazi kwa hewa na vumbi na vidole vya fundi. Tone la dawa ya zamani linachanganyika na jipya, na tarehe ya kufunguliwa inapotea. Na mwisho kuna mabomba ya sindano yenyewe. Ulimwenguni yapo ya insulini ya nguvu ya 40 na yapo ya insulini ya nguvu ya 100. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, ukasoma 20 kwenye vistari vyake, umevuta 50. Hiyo ni dozi ya kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto. Watu wa mpakani kama sisi, ambao mgonjwa anaweza kupewa chupa na ndugu aliyetoka nchi moja na bomba na ndugu aliyetoka nchi nyingine, tusome yaliyoandikwa kabla ya kuvuta chochote.

Lakini lililonitia hofu kuliko yote ni wale majirani wawili. Kulikuwa na mpango, wa nia njema kabisa, wa kuazimana kalamu: kalamu moja, kila mtu na sindano yake. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu kushirikiana sindano. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983, tukazika tukachoka, na tangu hapo hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba wembe ni wa mtu mmoja. Tatizo ni kwamba kalamu inadanganya. Mtu anaona amebadilisha sindano, basi yu salama. La hasha. Mara baada ya kudunga, chembe za damu zinaweza kurudi kupitia sindano hadi ndani ya dawa, na huzioni kwa macho. Mwaka 2009 hospitali moja ya jeshi la Marekani huko Texas ililazimika kuwaita wagonjwa wake zaidi ya 2,000 wakapimwe ukimwi na homa ya ini kwa sababu kalamu zilikuwa zimetumika kwa zaidi ya mtu mmoja, japo sindano zilibadilishwa. Hiyo ni Marekani yenye mashine zote. Mwaka 2015 mamlaka yao ya dawa iliagiza kila kalamu iandikwe kwamba ni ya mgonjwa mmoja tu. Wale majirani nimewaeleza. Mmoja alinishukuru, mwingine aliniuliza kama nimemletea ya kwake.

Swali lake ni la haki, nami sitaki kulikwepa kwa kumaliza mazungumzo haya na mafundisho ya usafi.

Insulini si dawa mpya. Januari 1922 huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa mifupa mitupu, alidungwa insulini akarudi duniani. Akaishi hadi mwaka 1935. Waliohusika, Banting, Best na Collip, waliuza haki ya uvumbuzi huo kwa chuo kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola moja moja. Hawakutaka iwe mali ya mtu. Zaidi ya miaka mia imepita, na biashara ya insulini duniani, zaidi ya asilimia 90 yake, imekuwa mikononi mwa kampuni tatu: Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa.

Hapa nyumbani hesabu ilikwisha kupigwa zamani. Mwaka 1992 madaktari na wataalamu wa Muhimbili, Chale, Swai, Mujinja na McLarty, walichapisha katika jarida la British Medical Journal utafiti uliouliza, kwa maneno yangu, kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua katika Afrika. Waliona kwamba mgonjwa anayehitaji insulini aligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Katika gharama za matibabu ya nje za huyo wa kwanza, insulini peke yake ilikula dola 156, asilimia 68. Wenye umri wangu mnakumbuka mshahara wa mwalimu wakati ule. Mwaka uliofuata, 1993, ndipo uchangiaji wa gharama hospitalini ulipoanza.

Na kalamu? Kalamu ya kwanza iliuzwa na kampuni ya Novo mwaka 1985, na haikuwa ya kutupa. Ilikuwa imara, unabaki nayo miaka, unachobadilisha ni katriji ya dawa tu, iliyojazwa na kufungwa kiwandani. Kijiti chake kimetengenezwa kirudi nyuma. Yaani lile wazo la bibi wa Kabanga, kwamba kalamu isitupwe, ndilo lililokuwa wazo la kalamu tangu mwanzo! Ya kutupa ni mdogo wake aliyezaliwa baadaye, akapendwa kuliko kaka yake kwa sababu anayetupa hurudi kununua. Hiyo ya mwisho ni maoni yangu, wala simshurutishi mtu.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida moja la madaktari wa Marekani hesabu ya gharama halisi za kutengeneza insulini pamoja na faida ya mtengenezaji. Kwa mgonjwa anayedungwa mara mbili kwa siku insulini ya mchanganyiko kwa kalamu ya kudumu, kama mjukuu wa bibi huyu, walisema inawezekana kwa dola 61 kwa mwaka mzima, kalamu na sindano zikiwemo. Mwaka huohuo, 2024, wagonjwa wa Afrika Kusini waliokuwa wamezoea kupewa kalamu za insulini ya binadamu katika hospitali za serikali waliambiwa warudie chupa na bomba, kwa kuwa Novo Nordisk haikuendelea na mkataba wa kuzileta. Kama taifa lenye nguvu kama lile linaweza kunyang'anywa kalamu mezani, sisi wa Ngara tusishangae kwamba hatujawekewa hata meza.

Tuseme ukweli mmoja ambao utawaudhi wanaopenda vitu vipya. Chupa na bomba si tiba duni. Dawa iliyomo ni ileile, na kwa uniti ileile chupa kwa kawaida ni rahisi zaidi. Kijana wetu anahitaji uniti 780 kwa mwezi. Chupa moja ya 1,000 inamtosha na kubaki. Bomba la sindano la insulini halina kijiti cha kufichaficha: unaona kwa macho yako dawa imeingia na imetoka. Nimeona wagonjwa wanarudia bomba lao wenyewe mara kadhaa, na manesi wanajua. Ukirudia la kwako kwa sababu huna jingine, lifunike, usilipanguse sindano kwa spiriti maana unaondoa ule utelezi wake, na uliache linapoanza kuuma au kupinda. La mwenzako usiliguse. Wazee watakumbuka mabomba ya kioo yaliyokuwa yakichemshwa sufuriani. Haya ya plastiki usiyachemshe, yatakunjika kama majani kwenye moto.

Kuhusu kuhifadhi, wengi huniandikia kwamba hawana friji. Ngara yetu ina umeme sasa, na maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 za kugawana na Burundi na Rwanda, lakini waya kupita juu ya paa ni jambo moja na friji kuwa chini ya paa ni jambo jingine. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, mahali penye joto ambalo mtu wa Ngara hawezi kulala, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini iliyokaa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye baridi. Kwa hiyo chupa unayoitumia inaweza kukaa ndani ya mtungi: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowanishwa, chupa ndani ya kopo lenye mfuniko isiguse maji. Andika tarehe uliyoifungua. Na wewe mwenye friji mjini usiibandike kwenye barafu; insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiachwe kwa bibi na fundi wa simu. Chama cha Kisukari Tanzania kipo tangu mwaka 1985, na kuna kliniki ambazo watoto na vijana wamekuwa wakipewa insulini na vifaa vya kupimia bila malipo kwa msaada wa mipango ya nje. Ulizia hospitali ya wilaya, ulizia ya mkoa, usiambiwe mara moja ukakaa. Vuka daraja la Rusumo tu, upande wa Rwanda, hospitali ya wilaya ya Kirehe ni miongoni mwa zile zilizoanzisha kliniki zinazoendeshwa na manesi waliofunzwa hasa magonjwa haya, ili mgonjwa wa kijijini asisafiri hadi mji mkuu. Utaratibu huo ndio uliozaa mpango uitwao PEN-Plus, ambao nchi za Afrika katika Shirika la Afya Duniani ziliupitisha mjini Lomé Agosti 2022. Jina lake halihusiani na kalamu, msije mkaenda kuzidai. Linahusu nesi aliye karibu, anayejua harufu ya ndizi mbivu mdomoni mwa mtoto ina maana gani.

Narudi Kabanga. Kalamu ile nilipoishika niliona bibi ameifunga uzi mwekundu ili isije ikatumiwa tena, lakini hakuitupa. Kijana amerudia bomba. Mwalimu mkuu, baada ya kuelezwa na nesi, alimsimamisha mstarini asubuhi akawaambia wanafunzi kijana ana ugonjwa gani na sindano ile ni ya nini, kisha akampa chumba cha ofisi yake cha kujidungia. Nilimwuliza kijana kama sasa ni afadhali. Alitazama chini. Alisema ofisini kwa mwalimu mkuu wanakwenda waliofanya makosa.

Bibi alinisindikiza hadi barabarani, nikamwambia arudi, akakataa mpaka tufike kwenye migomba ya mwisho. Pale akaniuliza: hizo kalamu za kudumu, zinazobadilishwa katriji, hospitali yetu italetewa lini? Nikamwambia mama, sijui, lakini nitauliza.

Niliuliza Jumatatu. Mhusika alinipokea vizuri, akanifungulia daftari, akanionyesha kwamba chupa zipo na mabomba yapo. Kuhusu kalamu aliniambia hazimo kwenye oda, na kwamba kuziingiza kunahitaji mtu aandike barua. Nikamwomba anieleze barua inaandikwa kwa nani. Alinipa jina la ofisi, na barua imeondoka juzi kwa basi la asubuhi. Nakala moja nimempelekea bibi.